Kuwafuata ndege wanaoondoka: Mtera hadi Kitulo

Mwishoni mwa Machi ndege wa Ulaya na Asia waliokaa kwetu tangu Septemba na Oktoba huanza kuondoka. Huko waendako ni majira ya kuchipua, theluji inayeyuka na watu wanatazama juu wakiwasubiri. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua bado zinanyesha, mahindi yamefikia ya kuchoma, kumbikumbi wanatoka ardhini kila mvua ya usiku ikikatika, na ndege wanakula kutwa nzima, kwa sababu mafuta wanayoweka mwilini sasa ndiyo yatakayowavusha Sahara.

Kwa muda mrefu nilikuwa na nia ya kuwafuata kwa mpangilio, kutoka joto la Mtera mpaka baridi ya Kitulo, nikitazama hasa kitu kimoja: manyoya yao. Mbayuwayu wa Ulaya habadilishi manyoya ya mabawa akiwa huko kwenye viota. Huyabadilisha akiwa huku Afrika, moja baada ya jingine, polepole, miezi yote anayokaa nasi. Unyoya hujengwa na kile ndege anachokula. Wataalamu wakichukua kipande kidogo cha unyoya wa mbayuwayu aliyekamatwa Ulaya na kupima isotopu zilizomo, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, wanaweza kueleza unyoya huo uliota katika nchi ya namna gani, ya mvua nyingi au kavu. Kwa hiyo mbayuwayu anayezunguka juu ya zizi la ng'ombe Uingereza mwezi wa Mei amevaa nguo iliyoshonwa Afrika. Tumezoea kuwaita ndege hawa wageni. Kwa maoni yangu tunajipunja tukisema hivyo, na tunajipa ruhusa ya kutowajali.

Nilisafiri na binamu yangu, dereva mwenye subira ya kusimama popote akiambiwa simama, hata penye matope.

Jumamosi: Iringa, Izazi, Mtera

Tulitoka Kihesa kabla jua halijachomoza. Ukishapita Nduli barabara inateremka, na kadiri unavyoteremka ndivyo unavyovua sweta na kufungua vioo: Iringa mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mtera ni kama 700. Miti inabadilika njiani, mpaka unajikuta katikati ya mibuyu na migunga.

Keremkerem husikika kabla hawajaonekana. Tulikuwa tumesimama karibu na Izazi, kando ya mbuyu uliotundikwa mizinga, ndipo ile sauti yao laini ya kuviringika ikashuka kutoka juu. Walikuwa juu sana, wametawanyika, wote wakielekea kaskazini. Kisha kundi moja likateremka na kutua kwenye matawi makavu ya mgunga, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Huyu ni keremkerem wa Ulaya, koo la njano, kifua cha buluu ya bahari, mgongo wa rangi ya kahawia inayong'aa. Mmoja aliruka, akadaka nyuki hewani, akarudi kwenye tawi lilelile. Kwanza alimgonga kichwa kwenye tawi. Halafu akamgeuza mdomoni, akamshika karibu na mkia, akamsugua huku na huku juu ya gome mpaka sumu ikatoka, na macho yake mwenyewe ameyafumba. Ndipo akamrusha kidogo na kummeza. Kazi yote haikuchukua hata nusu dakika.

Mwenye mizinga alikuja akiwa na panga begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini na hizo darubini?"

Tulimwonyesha. Akacheka, akasema anawajua. Nikamuuliza kama hawamwibii nyuki. "Wanakula, siwezi kusema hawali. Lakini hawa wa juu wanapita tu, siku mbili tatu. Nyuki wakiwasikia hawatoki sana. Wakishapita, kazi inaendelea." Kisha akaongeza jambo ambalo nililiandika palepale: keremkerem wakianza kupita mchana kwa makundi kuelekea upande wa Dodoma, yeye huanza kuandaa vyombo vya kurina, kwa sababu mvua zilizobaki ni za kuhesabu. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Ametazama juu tangu utoto.

Mtera kwenyewe maji yalikuwa mengi. Bwawa hili linatunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme wa Mtera na Kidatu, na likijaa hivi kingo zenye matope hufunikwa, hivyo ndege wa kutembea matopeni walikuwa wachache. Waliotushika ni buabua mabawa-meupe. Tuliwakuta upande wa Migoli, wakipita chini kabisa juu ya maji, wakigusa uso wa bwawa kwa ncha ya mdomo kuokota wadudu. Ndege huyu akikaa kwetu ni wa kijivu na mweupe. Akienda kuzaa, kwenye maziwa na mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia ya kati, ni mweusi kichwani, kifuani na tumboni, na mabawa meupe juu. Mabadiliko hayo huyafanyia huku, na sisi tuliwakuta katikati ya kazi. Mmoja alikuwa na madoa meusi machache shingoni. Mwingine tumbo lote lilikuwa limeshakuwa jeusi, kichwa bado ni nusu. Wengine walikuwa wamekamilika kabisa, tayari kwa safari. Bwawa la umeme, wavuvi wa perege, mbuzi wanaokunywa maji pembeni, na katikati ya hayo yote ndege wanavaa rangi ya kuolea watakayoionyesha kwenye mabwawa ya Urusi na Kazakhstan.

Wakati wa kurudi, kambu wa Ulaya alikuwa kwenye waya, buluu kichwani mpaka tumboni, peke yake. Tukarudi Iringa kulala.

Jumapili: Ifunda, Mafinga, Mufindi

Usiku ulinyesha. Asubuhi, kuanzia Ifunda, nyaya za umeme kando ya barabara kuu zilikuwa na kozi wa Amur. Dume ni wa kijivu kilichokolea, miguu ya rangi ya chungwa, na kutu nyekundu chini ya mkia. Akiruka ndipo unapoona weupe chini ya bawa, na hapo hupati shaka tena. Jike ana madoa kifuani na uso mweupe. Kumbikumbi walikuwa wanatoka kwenye vichuguu vya mashamba ya mahindi, na kozi walikuwa wanawadaka kwa miguu na kuwala hukohuko hewani, bila kutua.

Hawa wanatoka mbali sana. Wanazaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, kwenye bonde la mto Amur uliowapa jina. Wakija huku hupitia kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kusimama, siku mchana na usiku, ndege mwenye uzito wa kama gramu 150. Inadhaniwa njiani hula kerengende, ambao nao huvuka bahari hiyo kwa upepo uleule. Sasa wanarudi kwa njia ya Somalia na bahari ya Arabuni.

Nilimsimulia binamu habari ya Nagaland, jimbo la India wanalopitia kila Oktoba na Novemba. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba pale kwenye bwawa la Doyang watu walikuwa wanawakamata kwa nyavu kwa maelfu na kuwauza sokoni. Picha zilisambaa. Halmashauri za vijiji, viongozi wa makanisa na serikali wakakaa, wakakubaliana, na msimu uliofuata, 2013, nyavu hazikutegwa. Binamu aliuliza, "Kwa hiyo hawa tunaowaona leo wapo kwa sababu ya kijiji kimoja India?" Vijiji kadhaa, ndiyo. Na kwa sababu ya vichuguu vya Ifunda pia. Kozi asiyepata kumbikumbi wa kutosha Machi hafiki Arabuni.

Mufindi tulifika na ukungu. Kwenye mashamba ya chai nyaya zilikuwa zimejaa mbayuwayu. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kanisani alitusalimu, "Kamwene," tukaitikia "Kamwene." Akasema wakijaa hivi kwenye nyaya watoto hujua likizo imekaribia.

Nilikaa nao muda mrefu, darubini juu ya kibao cha gari. Hapa ndipo nilipotaka kuona manyoya. Mbayuwayu wa Ulaya akifika Oktoba amechakaa, mabawa yamefifia kuwa ya kahawia, mkia umekatika ncha. Wale wa Mufindi walikuwa buluu inayong'aa mgongoni, na zile nyuzi mbili za nje za mkia, ambazo majike huko Ulaya huzitazama wanapochagua dume, zilikuwa ndefu na nzima. Nilimpata mmoja ambaye uzi wa kushoto ulikuwa bado mfupi, unakua, umefika nusu tu ya wa kulia. Huyo bado ana siku za kula kwetu kabla hajaondoka. Wenzake wakiondoka kesho, yeye atabaki.

Jioni tukaenda ziwa Ngwazi. Jua lilipozama mbayuwayu walikusanyika juu ya maji, wakazunguka kwa pamoja, kisha wakaanza kuanguka ndani ya matete kwa makundi, mpaka anga ikabaki tupu. Ukiona hivyo kwa macho yako utaelewa kwa nini karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya mabwawa majira yote ya baridi. Waliwaona wakiingia kwenye matete Septemba, na hawakuwaona tena. Mahali hasa wanapokwenda palijulikana kwa pete. Tarehe 6 Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga barazani kwake. Desemba 1912 mbayuwayu huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Pete moja ndogo ikaonyesha kwa hakika mbayuwayu wa Uingereza huenda mpaka wapi.

Jumatatu: Makambako

Mvua kutwa. Hatukwenda popote.

Lakini kwenye uwanja wa gesti, ndani ya mparachichi, kulikuwa na kindege kimoja ambacho watu wengi hawakitazami mara mbili: rangi ya majani yanayoanza kukauka, mstari hafifu wa njano juu ya jicho. Kwa Kilatini ni *Phylloscopus trochilus*. Kilikuwa kinaokota viwavi upande wa chini wa majani, na katikati ya mvua kikaanza kuimba, kwa sauti ya chini, wimbo unaoteremka ngazi kwa ngazi. Huo ni wimbo wa kutafutia mwenza, na kilikuwa kinajizoeza hapa Makambako. Uzito wake ni gramu 9 au 10 tu. Wapo wa jamii yake wanaotoka mashariki ya mbali ya Siberia, zaidi ya kilometa 12,000. Na kwa habari ya manyoya, huyu ni wa pekee: hubadilisha yote mara mbili kwa mwaka, mara moja huko anakozaa na mara moja huku. Ndege wa kawaida hawamudu gharama hiyo.

Jumanne: Igawa, Rujewa, majaruba ya Mbarali

Ukiteremka kutoka Makambako kwenda Igawa joto linarudi, na mbele yako linatandaa bonde la Usangu. Maji yanayokusanyika hapa ndiyo yanayoingia kinamasi cha Ihefu, kisha Ruaha Mkuu, kisha Mtera tulikotoka Jumamosi. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka msimu wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mgawo wa maji kati ya mpunga, mifugo, hifadhi na umeme umekuwa mjadala mzito kwa miaka yote hiyo. Kwa ndege wa masafa, Usangu ni ghala.

Tuliingia majaruba ya upande wa Rujewa asubuhi. Kitwitwi wa madoa walikuwa kila jaruba, wakitikisa sehemu ya nyuma, wakipiga kelele kali kila tulipokaribia. Wanazaa kwenye mabwawa ya misitu ya Skandinavia na Urusi. Walikuwa wanene. Ndege wa aina hii wakijiandaa kuondoka mwili wao huongezeka uzito kwa kiasi kikubwa, na ukiwaona wakiruka kwa uzito ule unajua siku zimekaribia.

Nilichokipenda zaidi ni kile kindege chembamba cha njano kinachotikisa mkia na kufuata ng'ombe. Ng'ombe wa maksai walikuwa wanalisha kwenye majani kati ya majaruba, na kila ng'ombe alikuwa na viwili vitatu miguuni pake. Kimoja kilikuwa kinakimbia sambamba na ukwato wa mbele. Ukwato ukinyanyuka, panzi wadogo wanaruka, nacho kinaokota kabla ukwato haujashuka. Kwa umbali wa hatua nne niliona tumbo lake lote, njano isiyo na doa, mpya kabisa. Desemba walikuwa wamefifia wote, huwezi kuwatofautisha. Sasa madume wameshavaa, na kichwa cha kila mmoja kinakueleza anakokwenda. Mwenye kichwa cha kijivu kilichokolea na shavu jeusi ni wa Skandinavia. Mwenye kichwa cha njano tupu ni wa nyika za Urusi na Kazakhstan. Walikuwa wanakula chini ya ng'ombe mmoja, na baada ya wiki mbili kila mmoja atakuwa na njia yake.

Karibu na saa tano, ardhi ilipopata joto, korongo weupe waliinuka. Wengi walishapita Februari na mwanzoni mwa Machi, hawa walikuwa wamechelewa. Korongo mweupe hapigi mabawa ikiwa anaweza kuepuka. Hutafuta hewa ya moto inayopanda, huzunguka ndani yake mpaka juu kabisa, kisha huteleza kwenda kwenye nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, ndiyo maana hawavuki Mediteranea katikati. Wa mashariki, ambao ndio wa kwetu, hufuata Nile, Sinai, Israeli, Uturuki, na kuvuka Bosporus. Ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba wanakuja Afrika ulipatikana Ujerumani mwaka 1822, karibu na Klütz: korongo aliyefika akiwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, akiwa hai. Amehifadhiwa mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock. Kila nikiwaona wanainuka namkumbuka yule mmoja aliyeruka umbali wote huo na mkuki.

Chini yao kulikuwa na dungu, na juu ya dungu mama mmoja na wanawe wawili wanaamia ndege. Mpunga wa mapema ulikuwa unaanza kutoa masuke. Tulipiga hodi, akatukaribisha kivulini. Nikamuuliza kuhusu kwelea.

"Kaka, usiseme. Wakishuka hapa asubuhi mbili, mpunga wa mwaka umekwisha. Mimi siendi hata msibani mwezi wa nne."

Nikamuuliza kuhusu ndege ya kunyunyizia sumu. Akasema ikija wanashukuru, lakini baadaye huona na wale wakubwa wamelala chini. Alinyoosha kidole juu, kwa korongo.

Hili linahitaji kusemwa kwa makini, kwa sababu mama yule ana haki ya chakula chake. Sumu inayotumika sana kwa kwelea Afrika ni fenthioni. Hunyunyizwa jioni wanapolala kwa mamilioni kwenye vichaka na matete. Kwelea aliyepata sumu hafi palepale kila mara, huanguka asubuhi akitapatapa, na kwa korongo, kozi, tai na kipanga hicho ni chakula rahisi. Anayekula naye hudhurika. Kazi ikifanyika bila kukagua kwanza nani mwingine analala pale, na bila kukusanya mizoga kesho yake, hasara inakwenda mbali kuliko shamba. Kuna njia nyingine inayofanyika hapahapa Tanzania: Kondoa watu huwatega kwelea kwa vikapu na kuwala, na nyama yao ni nzuri. Haitoshi kwa kundi la mamilioni, nakubali. Lakini kwa makundi ya kati, mitego iliyoboreshwa ingempa mama yule mboga badala ya hofu, na korongo wangeondoka salama. Ningetamani kuona halmashauri zenye mpunga zikilipa suala hili uzito kama zinavyolipa suala la mbolea.

Mtoto wake mdogo alirusha tope kwa teo upande wa pili wa jaruba, kwelea wakainuka, wakatua tena mbele kidogo.

Jumatano na Alhamisi: Chimala, Matamba, Kitulo

Kutoka Chimala kuna njia inayopanda ukuta wa mlima kwenda Matamba. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Malori ya viazi yanashuka yamebeba lumbesa, na kona nyingine lazima mmoja arudi nyuma. Binamu hakuzungumza mpaka tulipofika juu.

Matamba tukalala. Alfajiri ya Alhamisi tukaingia hifadhini na mhifadhi mmoja kijana, sote tumevaa makoti. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa rasmi mwaka 2005, eneo la kilometa za mraba zaidi ya 400, uwanda wake ukiwa mita 2,600 hivi. Ilihifadhiwa hasa kwa ajili ya maua, na watu wa huku wanapaita Bustani ya Mungu. Machi maua bado yapo, ya njano, meupe, ya zambarau, mpaka upeo wa macho. Okidi za hapa huchimbwa mizizi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda kinachouzwa Zambia, na mhifadhi alituonyesha mashimo mapya pembeni mwa mpaka.

Mbayuwayu buluu tulimwona saa tatu, ukungu ulipofunguka. Huyu ni buluu yote, chuma kilichosuguliwa, bila doa jeupe wala koo jekundu, na nyuzi za mkia ndefu mno kiasi kwamba akigeuka zinachelewa. Yupo kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Alikuwa anapita chini juu ya nyasi, kisha ghafla akatoweka ardhini. Mhifadhi alituzuia tusisogee. Mbayuwayu buluu hajengi kwenye nyumba wala daraja: hujenga ndani ya shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga, akibandika kikombe cha matope na nyasi kwenye ukuta wa ndani. Baada ya muda akatoka, nyuma yake vifaranga viwili vilivyokwisha kuota manyoya, mikia mifupi, vikatua kwenye bua la ua kavu. Mama akaja akavilisha bila kutua, mdomo kwa mdomo, sekunde moja kila kimoja.

Kwa hao mambo ni kinyume cha mbayuwayu wa Ulaya. Wanazaliwa hapa, wakati wa mvua. Aprili wakiondoka hawaendi mbali sana, wanaishia kwenye nyasi zenye unyevu karibu na Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Wakirudi mwishoni mwa kiangazi wanataka vitu vitatu: nyasi fupi zenye umande, wadudu, na shimo. Misonobari na mikaratusi ikipandwa juu ya nyasi hizo vyote vitatu vinapotea, hata kama kwa jicho la mbali mlima unaonekana umekuwa wa kijani zaidi. Nimesikia mara nyingi hotuba za kupanda miti kila kilima kilicho wazi. Kilima cha nyasi huku juu hakijakatwa miti. Kimekuwa hivyo muda mrefu, kina maua yake, ndege wake, na chemchemi zinazokwenda Usangu. Kabla ya kupanda msonobari mahali pa namna hii mtu angeuliza kwanza nani anaishi hapo ardhini.

Mchana tulikutana na tandawala wawili wakubwa wakitembea polepole kati ya maua, na kwenye mabonde yenye maji kwera wa milimani weusi, mkia mrefu, wakipepea juu ya matete kuonyesha madume walivyo. Hao ni wa hapahapa. Jioni wakaja wa mbali: kipanga wembamba wa jamii ya *Circus*, wa Ulaya na nyika za Asia. Dume mmoja alikuwa mweupe wa fedha, ncha za bawa nyeusi. Walipita chini chini, mabawa wameyainua kidogo, wakichungua panya. Giza lilipokaribia wakaanza kushuka mmoja mmoja ndani ya nyasi. Wanalala chini, kwenye nyasi, kwa pamoja. Mhifadhi alisema kiangazi moto ukipita uwandani, wakirudi huhama sehemu ya kulala na kutafuta nyasi zilizobaki ndefu. Hilo nalo niliandika.

Ijumaa: Kikondo, Isyonje, Mbeya

Tuliondoka kwa njia ya Kikondo. Kwenye malisho ya shamba la mifugo Kitulo korongo wa Abdim walikuwa kati ya ng'ombe, wadogo kuliko wale weupe, mgongo mweusi unaong'aa, tumbo jeupe. Hawa hawaendi Ulaya. Wanaishia Sudan na Sahel, ambako mvua zinaanza kwetu zinapoisha, na hujenga juu ya mapaa ya nyumba za watu. Kuanzia Isyonje mpaka Uyole mbayuwayu walikuwa wanapita kwa mkondo mmoja juu ya mashamba ya viazi, wote upande uleule, hakuna anayezunguka.

Kumbukumbu zote nazipeleka kwa Tanzania Bird Atlas, mradi ambao umekuwa ukikusanya habari za ndege wa nchi hii kwa miongo mingi. Kwa mikoa yetu ya kusini, tarehe za kuondoka ndizo adimu. Tarehe ya kwanza kumwona ndege kila mtu huikumbuka. Ya mwisho hupotea, kwa sababu ukimwona hujui kama ndiye wa mwisho mpaka siku kadhaa zipite. Kozi wa Amur bado watakuwepo Aprili. Aliye Ifunda, Mafinga au Nyololo, tazama nyaya asubuhi baada ya mvua ya usiku, na uandike kila siku unayowaona: tarehe, mahali, wangapi. Aliye Mbarali na aandike korongo na vile vindege vya njano vya miguuni mwa ng'ombe, na kama ndege ya kunyunyiza imepita, aandike na hilo.